Filme za mapigano: mwongozi anamtazama mtu namna gani?

Kijana akitoka kutazama filme ya mapigano, akiulizwa ilikuwa namna gani, mara nyingi anajibu kwa hesabu: nyumba ngapi zilipasuka, motokari ngapi ziligongana, shujaa aliangusha watu wangapi. Katekista naye, akitaka kumwonya, anajibu kwa hesabu ileile: damu nyingi mno, bunduki nyingi mno. Mmoja anasifu, mwingine analaumu, lakini wote wawili wanapima kwa kibaba kimoja. Sisi tunaopenda sinema, na tunaopenda hata filme kubwa za mapigano, tunaona kwamba kibaba hicho hakitoshi.

Eklezya haikuanza jana kufikiri juu ya mambo haya. Tarehe 29 Juni 1936 Papa Pius XI alitoa barua Vigilanti cura juu ya sinema. Tarehe 8 Septemba 1957 Papa Pius XII akatoa Miranda prorsus juu ya sinema, radio na televizyo. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Vatikano II ukatoa hati Inter mirifica. Barua ya kwanza ilikazia zaidi kuepuka filme mbaya. Ya pili ilitaka pia watazamaji wafundishwe kutazama na kupima. Ni kazi hiyo ya kufundisha macho tunayoishika hapa. Na kipimo tunachokitoa ni hiki: mtu anapoanguka katika filme, mwongozi anamfanya nini? Anatuacha tumwone, ao anamruka na kupita?

Kwetu Kisangani swali hili si la darasani tu. Mji wetu ulishikwa na Simba mwezi wa Agosti 1964. Tarehe 24 Novemba mwaka ule askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka humu. Na toka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana kati ya nyumba zetu, na mamia ya raia walikufa. Watoto wa mji wa namna hii, wakizoea kuona watu wakianguka kama majani yanayofyekwa, wanafundishwa pia namna ya kuwatazama wafu wa kwao.

I. Namna ya mwongozi ni nini?

Watu wengi wanajua jina la mchezaji, hawajui jina la mwongozi. Wanasema: «filme ya Stallone», «filme ya Schwarzenegger». Lakini kwa kawaida si mchezaji anayechagua kamera isimame wapi. Mwongozi ndiye anayekata shauri: tumwone mtu kwa karibu ao kwa mbali, tukae naye sekunde mbili ao dakika mbili, tusikie pumzi zake ao tusikie ngoma na tarumbeta, baada ya kifo chake tuonyeshwe mama yake ao mlipuko mwingine. Mashauri hayo yote pamoja ndiyo namna ya mwongozi.

Wafratri wataelewa upesi kwa mfano wa mimbari. Mapadri wawili wanasoma Evanjili moja. Wa kwanza anakimbia mpaka mwisho. Wa pili anasimama kidogo pale Petro anapolia, kisha anaendelea. Maneno ni yaleyale, lakini waumini wa kwanza wamesikia habari, na wa pili wamemwona Petro.

Tuchukue mfano uliopita karibu na nyumba zetu. Mwaka 1958 mwongozi Fred Zinnemann alikuja Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, kutengeneza sehemu ya Kongo ya filme The Nun's Story, iliyotoka mwaka 1959. Ni habari ya sista mmoja mbelgiji, Sista Luke, aliyechezwa na Audrey Hepburn; anafanya kazi ya uuguzi Kongo, anarudi Ulaya vita ikikaribia, na mwishoni anaacha utawa. Mwisho huo ungeweza kuharibika kwa njia mbili. Muziki wa furaha ungesema: heri, amejiokoa. Muziki wa huzuni ungesema: ole, amepotea. Zinnemann alikataa muziki wote. Sista anabadili mavazi yake peke yake, mlango unafunguka, anatoka na kutembea katika njia ndogo. Kamera inabaki ndani ya chumba, inamtazama akienda zake mpaka hatumwoni tena. Hatusikii mtu akihukumu. Ndiyo namna ya mwongozi: kwa kunyamaza tu, amemheshimu mtu ambaye wengine wangefanya haraka kumpigia makofi ao kumtupia mawe.

Filme hiyo si ya mapigano. Tumeitaja kwanza kusudi ionekane wazi kwamba namna ya mwongozi ni kazi ya dhamiri pia, si ufundi wa mashini tu. Sasa twende kwenye bunduki.

II. Rambo wawili

Jina la Rambo limefika hata fasi ambazo umeme haujafika. Lakini wengi wanaolitaja wanamjua Rambo wa pili, hawamjui wa kwanza. Tuwaweke wote wawili mbele ya macho, maana mchezaji ni yuleyule, Sylvester Stallone, na waongozi ni wawili.

Filme ya kwanza, First Blood, ni ya mwaka 1982. Mwongozi wake ni Ted Kotcheff. Askari aliyerudi kutoka vita ya Vietnam anatembea kwa miguu kumtafuta rafiki yake wa jeshi, anaambiwa rafiki amekwisha kufa kwa ugonjwa wa kansa. Anaingia katika mji mdogo, polisi wanamfukuza kama mbwa, wanamfunga, wanamtesa, naye anakimbilia mwituni. Mambo ya mapigano hayakosekani: kuna mbio, mitego, moto. Lakini katika filme nzima ni mtu mmoja tu tunayemwona akifa, polisi anayeanguka kutoka elikopta, na mwongozi anatuacha tuone jinsi kifo hicho kinavyogeuza kila kitu. Tena mwisho wake hauna ushindi. Rambo anakaa chini na kulia kama mtoto, akieleza habari za mwenzake aliyepasuliwa na bomu lililofichwa katika sanduku la mtoto wa kusafisha viatu. Kamera inakaa karibu na uso wake, haina haraka. Mtu mwenye mikono mikubwa analia, na mtazamaji hawezi kukimbia.

Filme ya pili, Rambo: First Blood Part II, ni ya mwaka 1985, mwongozi ni George P. Cosmatos. Rambo anarudi Vietnam kutafuta wafungwa. Hapa watu wanakufa kwa makumi. Wanaanguka kutoka miti, kutoka madaraja, kutoka mashua. Wengi wao hatuoni uso, tunaona mgongo ao moto tu. Mwongozi anakata picha kabla mwili haujafika chini, kwa sababu lazima twende kwa mwingine. Kamera inayopenda kukaa inakaa juu ya kifua cha shujaa, juu ya kisu chake na upinde wake. Vitu vinatazamwa kwa upendo, watu wanapitwa.

Tusidanganyane: filme ya pili inapendeza macho. Inakwenda kama mto wa maji mengi, na fundi wake anajua kazi. Lakini mtu akitazama zote mbili siku moja, ataona kilichopotea njiani. Rambo wa kwanza alibeba wafu wake mpaka mwisho. Wa pili anawaacha nyuma yake, na hakuna anayeuliza walikuwa wana wa nani.

III. Mbio zenyewe si dhambi

Pengine msomaji atasema: basi mnataka filme za polepole tu, zile za kuleta usingizi. Hapana. Kuna mapadri na walimu wanaohukumu filme kwa sababu picha zinapita upesi, na katika jambo hili wanakosea.

Mwaka 2015 mwongozi George Miller, mtu wa Australia, alitoa Mad Max: Fury Road, ambayo sehemu yake kubwa ilitengenezwa katika jangwa la Namibia. Filme nzima ni mbio za motokari, kwenda na kurudi, kwa muda wa saa mbili. Picha zimekatwa kiasi cha mara 2.700, nyingi hazifiki hata sekunde mbili. Na mtazamaji hapotei. Kwa nini? Kwa sababu Miller aliagiza jambo kubwa likae sikuzote katikati ya picha, na mama aliyeunga picha, Margaret Sixel, alifuata sheria hiyo kwa uaminifu, akapewa Oscar. Jicho halina haja ya kutafuta. Linamkuta mtu pale lilipomwacha. Tena katika mbio zile mke mmoja kijana anaanguka chini ya magurudumu, na waliobaki wanamlilia, wanamtaja. Mbio hazikumzuia mwongozi kumjua mtu.

Zamani zaidi, mwaka 1954, mjapani Akira Kurosawa alitengeneza Seven Samurai, ambayo wapenzi wengi wa sinema wanaihesabu kuwa mama wa filme za mapigano. Wakulima maskini wanaajiri mashujaa saba wawalinde na wanyang'anyi arobaini, na mshahara ni chakula tu. Mapigano ya mwisho yanafanyika katika mvua na matope, kamera kadhaa zikifanya kazi pamoja, farasi na watu wakichanganyikana. Lakini tazama Kurosawa anavyohesabu. Kiongozi wa mashujaa ana karatasi yenye duara kwa kila mnyang'anyi. Kila adui akifa, duara moja linafutwa kwa wino. Hata adui ana hesabu yake. Kwa upande wa mashujaa wanakufa wanne, na wote wanne wanakufa kwa risasi, si kwa upanga: ustadi wa maisha yote hauna nguvu mbele ya kidole kimoja juu ya bunduki. Mwishoni wakulima wanapanda mpunga wakiimba, na mashujaa watatu waliobaki wanasimama chini ya kilima chenye makaburi. Filme inapita saa tatu, na mtu akiisha kuitazama anajua nani amezikwa pale.

Sasa tuweke kando yake filme Transformers: Dark of the Moon ya mwongozi Michael Bay, mwaka 2011. Iliingiza zaidi ya dolari miliardi moja, basi hatuwezi kusema kwamba watu hawaipendi. Katika sehemu ya mwisho mji wa Chicago unabomolewa na mashini kubwa zitokazo mbinguni. Ghorofa zinapinduka, vioo vinamwagika, kamera inazunguka, jua linang'aa nyuma ya shujaa. Bay ana jicho la mchoraji, na mtu akisimamisha picha moja peke yake ataona uzuri. Lakini mapigano yanaendelea karibu saa moja, mji wa mamilioni unaharibika, na hatupewi mtu mmoja wa kumlilia. Mji umekuwa sanduku la viberiti. Kosa si mbio, wala si ukubwa. Miller ana mbio, Kurosawa ana ukubwa. Kosa ni kwamba Chicago ile haina wakaaji.

Na mtu aliyekuwa Makiso ao Mangobo mwezi wa Juni 2000 anajua kwamba mji unaopigwa mabomu hauko hivyo. Una wakaaji, wamelala chini ya vitanda, na watoto wanaomba maji.

IV. Fundi mmoja, mara mbili

Mpenda sinema wa Kisangani ana habari nyingine ya kufikiri, nayo inatuhusu kabisa. Mwaka 1951 mwamerika John Huston alileta watu wake katika msitu wetu kutengeneza The African Queen, pamoja na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Walifanya kazi Biondo, kando ya mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Baadaye walihamia Uganda, na picha nyingine zilipigwa katika nyumba ya filme London. Bwana wa kamera alikuwa mwingereza Jack Cardiff, mmoja wa mafundi wakubwa wa rangi katika sinema. Kwa filme hiyo Bogart alipata Oscar yake.

Habari yake ni ya mwaka 1914. Sista wa mchungaji mmoja mprotestanti, yaani dada yake wa damu, na fundi wa mashua wanateremka mto kwenda kuzamisha meli ya Wajerumani. Ni filme nzuri. Wachezaji wawili ndani ya mashua mbovu wanatosha kutufurahisha, na maji yanaonekana kuwa maji ya kweli. Lakini tuitie kipimo chetu. Mwanzoni tunaona kijiji kizima kanisani, wanaimba wimbo wa kizungu bila kuushika, na mwongozi anataka tucheke. Halafu askari wanafika, wanachoma nyumba, wanawachukua watu kwa nguvu. Mchungaji anapigwa, anashikwa na homa, anakufa, anazikwa, dada yake anamlilia. Ni haki. Na kijiji je? Kinatoka katika filme siku ileile, hakirudi tena. Hakuna anayeuliza watu wale walipelekwa wapi. Mzungu mmoja amepata kaburi; watu weusi mia wamepata moshi.

Miaka ikapita, Cardiff mwenyewe akawa mwongozi. Mwaka 1968 ilitoka filme yake Dark of the Sun, kadiri ya kitabu cha Wilbur Smith cha mwaka 1965. Ni filme ya mapigano hasa, na imewekwa katika Kongo ya wakati wa Simba: askari wa kukodiwa wanapanda treni kwenda kuokoa wazungu na almasi. Lakini treni ile haikupita reli ya Kongo hata kidogo. Filme ilitengenezwa Jamaica. Mtu aliyepiga picha za mto wetu wa kweli mwaka 1951, mwaka 1968 aliijenga Kongo nyingine katika kisiwa cha mbali.

Wapenzi wa filme za mapigano wanaiheshimu sana. Quentin Tarantino alichukua muziki wake, kazi ya Jacques Loussier, akautia katika Inglourious Basterds mwaka 2009. Tunaelewa sababu. Treni inapendeza, mlango wa kasha la almasi umefungwa kwa saa na hauwezi kufunguka mbele ya wakati wake, nasi tunahesabu dakika pamoja na wachezaji, na katika pigano moja askari mbaya, Henlein, anashika msumeno wa mashini. Tena Cardiff hakukosa moyo kabisa. Mkongomani Ruffo, aliyechezwa na Jim Brown, ana jina, ana akili, ana sababu: anapigania nchi yake, hali mwenzake Curry anapigania mshahara. Ruffo akiisha kuuawa, filme inageuka; Curry anamfuatia mwuaji kwa hasira mpaka anamwua, kisha anajitoa mwenyewe kuhukumiwa. Kifo kimoja kimekuwa na uzito, na ni kifo cha mtu mweusi. Kwa mwaka 1968 neno hilo si dogo.

Lakini Wakongomani wengine wote? Simba wa Cardiff ni kelele na miali ya moto. Wanatoka gizani, wanapigwa, wanaanguka, wanatoka wengine. Na raia wa Kongo walio kati ya majeshi mawili karibu hatuwaoni. Sisi tunajua mambo ya miaka ile kwa njia nyingine. Sista Anuarite aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Papa Yoane Paulo II alimtangaza mwenye heri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Eklezya iliuliza: alikuwa nani, alisema nini, nani alikuwa karibu naye, alikufa saa gani? Ilikaa na kifo kimoja muda wa miaka. Hatusemi kwamba filme ya mapigano ifanye kazi ya hati za wenye heri. Tunasema tu kwamba kuna namna mbili za kuwatazama wafu wa mwaka mmoja na wa nchi moja, na mtazamaji ajue yuko mbele ya ipi.

V. Mwana wa mji huu na kamera yake

Tunaye sasa mwongozi wetu. Dieudo Hamadi alizaliwa Kisangani mwaka 1984. Katika Examen d'État, mwaka 2014, alifuata wanafunzi wa hapa waliofukuzwa masomoni kwa kukosa malipo ya walimu, wakakodi nyumba wajitayarishe wao kwa wao. Katika Maman Colonelle, mwaka 2017, alimfuata mama mmoja wa polisi aliyehamishwa kutoka Bukavu kuja Kisangani kulinda wanawake na watoto. Halafu, mwaka 2020, akatoa En route pour le milliard, filme ya kwanza ya nchi yetu kuingia katika orodha rasmi ya Cannes.

Hiyo ni filme juu ya vita ya Siku Sita, na haina mlipuko hata mmoja. Watu waliopoteza miguu na mikono mwaka 2000 wanakata shauri la kuteremka mto mpaka Kinshasa, safari ya kilometa kiasi cha 1.700, kwenda kudai malipo waliyongojea karibu miaka ishirini. Hamadi anabeba kamera mwenyewe. Hasemi neno juu ya picha. Hakuna sauti ya kutufasiria. Mvua inapiga mashua, watu wanashika turubai, magongo yanalala kando ya masufuria, na kamera iko palepale kati yao, kwa urefu wa mtu aliyeketi. Wanagombana, wanaimba, wanachoka. Mara kwa mara tunawaona jukwaani, wakicheza wenyewe habari ya mateso yao. Kule Kinshasa wanasimama mbele ya Bunge, na milango haifunguki.

Mpenda filme za mapigano atauliza: hii inatuhusu nini sisi? Inawahusu sana. Filme kubwa ya mapigano inakwisha moshi unapotulia. Hamadi anaanza pale wengine wanapozima kamera. Yule aliyeangushwa, aliyerukwa na mwongozi mwingine, ameinuka kwa mguu mmoja, ana jina, ana deni la kudai, na anapanda mashua. Tukiisha kumwona, hatuwezi tena kutazama anguko la mtu wa nyuma ya picha kwa macho yaleyale. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya La Haye iliagiza Uganda ilipe Kongo dolari milioni 325. Hesabu hiyo ni kubwa. Lakini ni filme iliyotuonyesha hesabu hiyo inamaanisha nini kwa mama anayepanda ngazi kwa magongo.

VI. Majibu na mashauri

Neno la kwanza la kupinga: «Filme za Hamadi ni mambo ya kweli, filme za mapigano ni mchezo, hazipimwi pamoja.» Tunajibu: Kurosawa naye alicheza, Kotcheff alicheza, na bado walituonyesha mtu. Mchezo una heshima yake. Jirani zetu wa Wakaliga, katika mji wa Kampala, walitengeneza mwaka 2010 filme Who Killed Captain Alex?, kazi ya Nabwana, kwa feza kidogo kabisa na bunduki za kuigiza. Msemaji anapiga kelele na mizaha juu ya picha, na kila mtu anajua kwamba waliokufa watainuka wakanawe, waende kula. Mchezo unaojitangaza kuwa mchezo haudanganyi mtu. Hatari iko katika filme inayojifanya kweli kwa kila kitu, moshi, chuma, jasho, ila kwa kifo tu.

La pili: «Afazali kuzikataza.» Wakati wa ukoloni, miaka ya 1950, vijana wa Kinshasa walitazama filme za wachunga ng'ombe wa Amerika mpaka wakajiita «Bills», kwa jina la Buffalo Bill, wakachukua mavazi yao, mwendo wao na ukali wao. Padri Joseph de Laet, wa shirika la Scheut, hakubaki nje akilaani. Alikwenda kati yao, akajifunza lugha yao, mpaka wakamwita «Père Buffalo». Padri asiyejua vijana wanatazama nini hana mlango wa kuingilia.

Basi, kwa parokia na shule tunatoa shauri jepesi. Pale penye televizyo na umeme wa jioni moja, msianze na filme ya mafundisho. Onyesheni First Blood. Hakuna kijana atakayelala. Juma linalofuata onyesheni Rambo wa mwaka 1985. Kisha msihubiri, ulizeni maswali matatu. Kwanza: nani alikufa, na mnajua nini juu yake? Pili: kamera ilikaa na nani, na ilikimbia kutoka kwa nani? Tatu: filme ilipokwisha, nani alibaki wa kuzika? Waacheni vijana wajibu, wagombane, warudie kutazama sehemu fulani. Wafratri watashangaa kuona jinsi wale waliokuwa wakihesabu milipuko wanavyoanza kutaja nyuso.

Wala wasiache kupenda mbio, farasi, treni na motokari za jangwani. Sisi wenyewe hatujaacha. Lakini mtu akiisha kujifunza kuuliza maswali yale, hata katika filme yenye kelele kuliko zote jicho lake litamtafuta yule aliyeanguka pembeni ya kitambaa, na litataka kujua kama ameinuka.